Mpiga Gitaa wa Roki Mbadala: Yanayosemwa Dar es Salaam na Yaliyo Kweli

Kijana anayepanda daladala Mbagala akiwa na gitaa la umeme mgongoni huulizwa swali moja: anapigia bendi ya kanisa au ya dansi? Akijibu kwamba anatunga na kupiga roki mbadala, ataambiwa kuwa huo ni muziki wa Wazungu, kuwa ni makelele matupu, na kuwa hauna mshahara. Katika hayo matatu, la mwisho ndilo lenye uzito, kwa sababu lina chembe ya ukweli iliyofunikwa na kosa kubwa, na hilo ndilo nitakalokaa nalo zaidi.

Dai la kwanza halihitaji maneno mengi. Roki ilichipuka miongoni mwa Wamarekani weusi. Sister Rosetta Tharpe, aliyezaliwa Arkansas mwaka 1915, alikuwa akipiga gitaa la umeme katika nyimbo za injili kabla roki haijapata jina. Mwezi Mei 1964 alilipiga gitaa hilo mbele ya kamera za televisheni katika kituo cha reli kilichokwisha kufungwa mjini Manchester, Uingereza, siku ya mvua. Mjini humo alikuwapo mtoto mchanga wa wahamiaji kutoka Ireland, Johnny Marr, aliyezaliwa Oktoba 1963, ambaye mwaka 1982 aliunda bendi ya The Smiths pamoja na mwimbaji Morrissey na kuwa mmoja wa wapiga gitaa wanaoigwa zaidi katika roki mbadala. Kwa hiyo abiria anayeuliza habari za bendi ya kanisa yuko karibu na chimbuko la roki kuliko anavyodhani.

Kuhusu makelele, neno "mbadala" halikuhusu ukubwa wa sauti. Lilitumika katika miaka ya 1980 kwa bendi zilizotoa kazi zao kupitia kampuni ndogo za kurekodi, nje ya kampuni kubwa na nje ya ladha iliyotawala redioni. Wapo waliopiga kwa kelele, tena nyingi, lakini Marr hakuwa mmoja wao. Katika The Smiths aliepuka ule mtindo wa kusimama mbele ya jukwaa na kucharaza solo ndefu. Badala yake alipanga sauti kadhaa za gitaa studioni, moja juu ya nyingine, mara nyingi akifunga kapo, yaani kibanio kinachofanya nyuzi zitoe sauti nyembamba zaidi, ili gitaa liimbe sambamba na mwimbaji. Aliyezoea kumsikia mpiga solo na mpiga ridhimu wa bendi ya dansi ya Sikinde wakijibizana, kila mmoja akiachia nafasi ambayo mwenzake anaijaza, hana haja ya kufundishwa namna ya kusikiliza muziki wa aina hiyo. Nadhani sikio la Dar es Salaam limeandaliwa vizuri kwa roki mbadala kuliko sikio la mtu aliyekulia kwenye roki ya majigambo, ingawa wenyeji wa jiji hili watabisha.

Sasa tuje kwenye mshahara. Dhana kwamba mpiga gitaa ni mfanyakazi wa bendi haikuzuka hewani, bali ina historia hapa hapa. NUTA Jazz, ambayo leo tunaijua kama Msondo Ngoma, ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Mlimani Park, ambayo ndiyo Sikinde, ilianza mwaka 1978 chini ya kampuni ya usafiri na teksi, na mwaka 1983 ikahamia chini ya Shirika la Maendeleo la Dar es Salaam, lile linalojulikana kama DDC. Vyombo vilikuwa mali ya taasisi, mwanamuziki alilipwa kama mwajiriwa, na wimbo ulijulikana zaidi kwa jina la bendi kuliko kwa jina la aliyeutunga. Mzee aliyekulia katika utaratibu huo akisikia kwamba kijana hana mwajiri, anaelewa kwamba hana kazi.

Bendi za roki mbadala kwa kawaida hazina mwajiri. Huwa ni ubia wa marafiki, na fedha zake huja kwa njia mbili ambazo mashabiki, na hata wanamuziki wenyewe, huzichanganya. Njia ya kwanza ni malipo ya kupiga, yaani maonyesho na mauzo ya rekodi, na njia ya pili ni mrabaha wa utunzi, unaomwendea aliyetunga maneno au muziki, hata kama wimbo unapigwa na watu wengine kabisa.

Mfano ulio wazi zaidi ni kesi ya The Smiths. Bendi hiyo ilikuwa na watu wanne, lakini watunzi walikuwa wawili, Morrissey na Marr. Wawili hao walichukua asilimia 40 kila mmoja ya mapato ya rekodi na maonyesho, huku mpiga besi na mpiga dramu wakipata asilimia 10 kila mmoja. Mpiga dramu, Mike Joyce, alienda Mahakama Kuu akidai kwamba yeye ni mbia kamili, na mwaka 1996 akashinda: kwa kuwa hapakuwa na makubaliano ya wazi ya mgawanyo mwingine, sheria ya ubia ya Uingereza ya mwaka 1890 iliwachukulia wote kuwa sawa, kila mmoja na asilimia yake 25. Wengi husimulia kesi hiyo kana kwamba iligawa kila senti, lakini sivyo. Mrabaha wa utunzi haukuguswa. Uliendelea kuwa wa Morrissey na Marr peke yao.

R.E.M., bendi iliyoanzishwa mwaka 1980 katika mji wa Athens, jimbo la Georgia, ilichagua njia nyingine: nyimbo ziliandikwa kwa majina ya wote wanne, hata kama wazo lilitoka kwenye gitaa la Peter Buck. Na kwa kuwa nimewataja, anayedhani umaarufu huja usiku mmoja ajue kwamba Buck alikuwa muuzaji katika duka la rekodi, na kwamba albamu ya kwanza ya bendi hiyo kushika nafasi ya kwanza Marekani, ya mwaka 1991, ilikuwa ya saba.

Hapa Tanzania Bara msingi ni Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999. Kazi inalindwa tangu inapotungwa, na ulinzi unadumu maisha yote ya mtunzi na miaka 50 baada ya kifo chake. Kuisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya nchi, hakuumbi haki hiyo, bali kunasaidia kuithibitisha. Kijana wetu wa Mbagala anayeleta wazo la gitaa mazoezini na kuliacha livae jina la mwimbaji peke yake ameshagawa sehemu ya urithi wa wajukuu wake, tena bila kuombwa.

Lipo pia dai kwamba bila vifaa vya bei kubwa hakuna kinachowezekana. Nirvana, bendi ya roki mbadala ya Marekani, walirekodi albamu yao ya kwanza, iliyotoka mwaka 1989, kwa dola zipatazo 600. Kinachomgharimu mpiga gitaa wa Dar es Salaam mwaka hadi mwaka ni nyuzi, kwa maana hewa ya chumvi huzitia kutu upesi.

La mwisho ni kwamba bendi ikivunjika, safari imekwisha. Marr aliondoka The Smiths mwaka 1987 akiwa na miaka 23. Baada ya hapo alipiga na bendi iitwayo The The, akaunda bendi ya Electronic pamoja na Bernard Sumner wa bendi ya New Order, akajiunga na Modest Mouse ya Marekani, ambayo albamu yake ya mwaka 2007 ilishika nafasi ya kwanza nchini humo, kisha akapiga gitaa katika muziki wa filamu uliotungwa na Hans Zimmer. Albamu ya kwanza iliyobeba jina lake peke yake ilitoka mwaka 2013. Alikuwa na miaka 49, umri ambao mpiga gitaa wa Dar es Salaam huwa ameshaanza kuitwa mzee na kuombwa asimulie habari za zamani.