Kitambaa Hakikumuua Desdemona

Rundo jingine la insha za Othello, tamthilia ya Shakespeare ambamo jemadari mweusi wa Venice anamuua mkewe Desdemona kwa wivu, na sentensi ni ileile: "Othello aliangamizwa na kitambaa cha mkononi." Mhakiki Mwingereza Thomas Rymer alikidhihaki kitambaa hicho, kinachogeuzwa ushahidi wa uongo dhidi ya Desdemona, tangu 1693, na yeye walau alichekesha. Nyinyi wanafunzi wangu mnanitia kichaa.

Fungueni Tendo la 3, Onyesho la 3, msome kwa mfuatano. Kitambaa kinaanguka baada ya uzungumzi nafsia, yaani maneno anayojisemea mhusika peke yake, ambamo Othello keshasema mke amempotea, na kwamba nafuu yake sasa ni kumchukia. Sababu anazitaja mwenyewe: huenda ni kwa kuwa yeye ni mweusi, hana maneno matamu ya mabwana wa majumbani, tena ujana umeanza kumpa kisogo. Halafu anajitetea upesi: lakini si sana. Hilo "si sana" linaniuma kuliko kifo chochote kwenye tamthilia hii. Shahidi hajaletwa, kielelezo hakijaonekana, na hukumu imeshatoka.

Sasa rudini nyuma kidogo, pale mnapopita mbio. Iago, msaidizi wake anayemchochea kwa siri, kamkumbusha kwamba Desdemona alimhadaa babake alipoolewa. Othello anasisitiza kuwa mkewe ni mwaminifu, kisha anaongeza: na bado, jinsi maumbile yanavyoweza kupotoka... Hamalizi. Iago anamdaka papo hapo: ndiyo, hapo hasa! Ndipo anapomwaga habari za wachumba wa nchi, rangi na hadhi moja na Desdemona, aliowakataa. Ni nani aliyefungua mlango? Othello. Na wazo lenyewe kalitoa wapi? Katika Tendo la 1, mbele ya baraza la Venice, Brabantio, babake Desdemona, alidai kwamba maumbile hayawezi kupotoka namna ile bila uchawi. Siku hiyo Othello alijibu kwa utulivu wa jemadari. Alipoonywa kuwa aliyemdanganya baba anaweza kumdanganya mume, aliweka maisha yake rehani kwa uaminifu wa Desdemona. Tukamwamini. Kumbe neno la baba mkwe lilikuwa limeshamzama.

Kwa hiyo msiniambie Iago ni bingwa wa uongo. Uongo wake mwingi ni wa kitoto. Ile ndoto ya Cassio, luteni anayesingiziwa kuwa mpenzi wa Desdemona, ati alimtaja usingizini, nani mwenye akili zake angeinunua? Anachokijua ni kurudia maneno ya mwenzake kwa kusitasita, "mwaminifu, bwana?", "nafikiri, bwana?", mpaka mwenzake aanze kujijibu.

Hoja ya kwamba Othello alizaliwa na wivu sitaipotezea muda.

Linalonisumbua mimi ni jingine, na miongozo ya mitihani hulikwepa. Mwishoni Othello anadai hakuwa mwepesi wa wivu, ila alichochewa. Kuna siku namsadiki. Kuna siku naona mtu anayejiandikia tanzia yake mwenyewe, na sifa kajipa nyingi. Kama hakuwa mwepesi, imekuwaje mazungumzo ya onyesho moja yakamtosha? Kama alikuwa mwepesi, Iago anabakiwa na kazi gani? Sijapata jibu linalosimama katika matini yote. Mwanafunzi atakayeniandikia hivyo hivyo, akanionyesha na mistari, atapata alama nyingi kuliko yule wa kitambaa.