Konokono hazaliwi na kichocho

Kila nikishuka ufuoni Dunga, Ziwa Victoria, kutafuta konokono, naambiwa yale yale: "Daktari, tuletee dawa tuwaue hawa wote, kichocho kiishe." Jamani, hapana.

Kwanza, wale mnaowazoa kwa ndoo na kuwaponda kwa mawe, wenye gamba refu lililochongoka, hawaenezi kichocho. Anayekieneza kwetu ni Biomphalaria: mdogo, gamba bapa lililojiviringa kama sarafu, amejibandika kwenye mashina ya mafunjo na mizizi ya gugumaji. Ndugu yake mwingine anaishi chini kabisa ziwani, ambako ndoo yenu haifiki.

Na hata huyo Biomphalaria hazaliwi na kichocho, wala mayai yake hayana. Anaambukizwa na sisi. Mtu mwenye minyoo ya kichocho akijisaidia vichakani, mvua inasukuma kinyesi ziwani, mayai ya minyoo yanaanguliwa, na lava, yaani minyoo wachanga, wanamtafuta konokono wamwingie. Wiki kadhaa baadaye konokono anaanza kutoa lava wengine kwa maelfu. Maabara namweka kwenye glasi ya maji chini ya taa. Nikichungulia kwa hadubini nawaona wakihangaika, mkia umegawanyika ncha mbili. Hao ndio wanaopenya ngozi ya mvuvi, mchota mchanga na muosha magari.

Dawa ya konokono nayo inaua samaki, na Dunga bila samaki mtakula nini? Tena Biomphalaria ni dume na jike kwa pamoja: akibaki mmoja tu, anaweza kujaza ufuo upya. Jengeni vyoo, na mvitumie! Hilo nitalisema hadi sauti ikauke.

Najua mtanijibu: "Mimi huchemsha maji ya kunywa." Vizuri, lakini kichocho huingia kwa ngozi, na unaoga ziwani.

"Mkojo wangu hauna damu." Kichocho cha hapa ziwani ni cha matumbo. Peleka choo kikapimwe, si mkojo.

"Nilimeza dawa mwaka jana." Dawa hiyo, prazikwanteli, huua minyoo iliyokomaa, basi. Haikukingi ukirudi majini kesho.

Kama huna budi kutumia maji ya ziwa, yachuje kwa kitambaa, konokono asiingie, kisha yaache siku 2 kwenye pipa lenye kifuniko kabla ya kuoga. Lava wasiompata mtu hufa humo. Na watoto wasiogelee saa za mchana jua likiwaka, maana ndipo konokono hutoa lava kwa wingi zaidi.