Ukumbi Kujaa Si Mfuko Kujaa

"Lakini nyie si juzi tu mlijaza ukumbi?"

Nimeulizwa tena, safari hii na mfanyabiashara anayejua tofauti ya mauzo na faida kuliko mimi. Tulimpelekea barua ya kuomba mchango wa kinanda cha kwaya yetu. Akaisoma, akaikunja, akauliza hilo swali kwa tabasamu la mtu aliyekamata mtoto na sukari mdomoni. Swali hilohilo nimeshalisikia kwa wazee wa kanisa, kwa madereva wa Coaster tunazokodi, kwa shemeji zangu, na hata kwa waimbaji wangu wenyewe wakidaiwa ada ya mwezi. Wote wanadhani kwaya iliyojaza ukumbi wa tamasha ina hela. Basi naandika mara moja, na atakayeuliza tena nitamwelekeza hapa.

Nafundisha kwaya ya mtaa hapa Dar es Salaam. Ilianzia kanisani, ikatoka nje ya ua, na sasa ina Walutheri, Wakatoliki, Waanglikana na Wasabato wachache ambao kwa sababu yao mazoezi hayawezi kuwa Jumamosi mchana.

Ukitaka kujua tamasha limeingiza nini, usihesabu vichwa, hesabu sare. Simama nyuma ya ukumbi dakika kumi kabla mgeni rasmi hajaingia, uangalie: safu za kitenge cha bluu, safu za suti za kijivu, safu za magauni ya zambarau, kila rangi na kwaya yake. Hao ni kwaya waalikwa, na kwaya mwalikwa hailipi kiingilio. Chukua tamasha la kawaida lenye kwaya nane za kualikwa, kila moja na watu arobaini. Hao ni watu 320 waliokalia viti ulivyokodi, watakula wali wako, watakunywa soda yako, na kabla hawajapanda gari katibu wao atamvuta mhazini wako pembeni kuulizia nauli. Wala hawana kosa. Mwezi ujao ni zamu yao, na sisi tutakwenda arobaini vilevile, tutawajazia viti, tutakula wali wao, na katibu wetu atamvuta mhazini wao pembeni. Tunajaziana kumbi. Ndiyo maana jiji hili lina matamasha yanayofurika na kwaya zisizo na hela ya kutoa kopi za nota.

Ongeza watoto wa waimbaji, ambao sijaona mlinzi wa mlangoni aliyefanikiwa kuwauzia tiketi. Ongeza viongozi walioletewa kadi za mwaliko, pamoja na wenza wao na madereva wao. Waliobaki, yaani waliolipa kweli, ni jamaa zetu: shangazi wa mwimba besi, mchumba wa soprano, wapangaji wenzake yule wa alto mwenye marafiki wengi. Mungu awabariki, maana ndio soko letu lote.

Matumizi nitayapita haraka. Ukumbi, mtambo wa sauti, jenereta ya akiba, matangazo, vibali, chakula. Sare kila mtu anajinunulia, na mjadala wa rangi ya kitambaa huweza kuivunja kwaya mapema kuliko deni lolote, lakini hayo ni ya siku nyingine. Kuhusu mtambo niseme moja tu: fundi aliyezoea harusi atafungulia mdundo mpaka viti vitetemeke, na sauti nne (soprano, alto, tenor na besi) mlizozipanga miezi mitatu zitatoka kama moja, kubwa, isiyo na maneno. Sauti tumeitengeneza bure, kuiharibu tunalipia.

Sasa tuje kwenye harambee, maana hapa ndipo watu wananichosha kabisa. "Sawa, kiingilio hakitoshi, lakini mgeni rasmi alitoa milioni kumi, tulisikia." Mlisikia, ndiyo. Mhazini bado hajaziona.

Fedha iliyo ndani ya bahasha ni fedha. Ahadi iliyoandikwa jina, namba ya simu na tarehe ni nusu fedha. Ahadi iliyotajwa kwenye kipaza sauti, vigelegele vikipigwa na kinanda kikisindikiza, ni sehemu ya burudani. Mgeni rasmi mwenyewe mara nyingi hana nia mbaya. Amefika, ameketi, MC amemnong'oneza mwaka jana mwenzake alitoa ngapi, na hakuna binadamu anayesimama mbele ya watu mia tano akataja kiasi kidogo kuliko cha mwenzake. Anataja namba inayolingana na makofi, halafu anarudi nyumbani kukutana na ada za shule za watoto wake.

Kutolipwa ahadi si ndiko kunakoniudhi zaidi. Kinachoniudhi ni kile ambacho ile namba inawafanyia wengine. Mama aliyekuja na elfu tano kwenye pindo la kanga anasikia milioni kumi, anaiona yake haina maana, anakaza fundo. Wiki inayofuata mtaa mzima unajua kwamba kwaya ina milioni kumi. Waimbaji wanaacha kulipa ada, kwani za nini? Anayetuazima viti anaanza kutukodisha. Tumekuwa matajiri masikioni mwa watu, na utajiri wa namna hiyo una gharama kuliko umaskini, kwa sababu umaskini angalau watu wanauchangia.

Halafu kuna kufuatilia. Katibu wetu ni mwalimu wa shule ya msingi, binti mpole. Yeye ndiye anayetakiwa kumpigia simu mheshimiwa. Mara ya kwanza yuko kwenye kikao, mara ya pili yuko safarini, mara ya tatu simu inapokelewa na kijana anayeuliza "nani mwenzangu?" Baada ya hapo anayeona haya ni yule anayedai. Na hatuwezi kutangaza kwamba hajalipa, maana mwakani tutamhitaji yeye au rafiki yake. Kwa hiyo ile milioni kumi inabaki imesimama hewani, na sisi wenyewe ndio tunaoishikilia.

Utaniambia: basi acheni mgeni rasmi. Hapo sina dawa, nasema kweli. Tamasha lisilo na mgeni rasmi watu hulichukulia kama mazoezi yenye viti, na kuanza kwake huteleza mpaka jua linazama. Na nina shaka nyingine inayonisumbua: huenda wale wa elfu tano wanakuja kwa sababu yeye yupo. Nikimwondoa, nao wanaweza kuondoka.

Ninachojua kwa hakika ni hesabu ya darasa la tatu. Watu 60 wakitoa shilingi 5,000 kila mwezi ni 300,000, na kwa mwaka ni 3,600,000. Ni ndogo kuliko milioni kumi za kwenye kipaza sauti, ila yenyewe inafika. Inafika kwa lipa namba ya kwaya (si ya mhazini binafsi, tafadhali, hata kama ni mtakatifu), na ndiyo inayolipa chumba cha mazoezi, kopi, na nauli ya mpiga kinanda anayetoka mbali. Mfadhili wa kwaya ni huyo wa 5,000. Hakuna anayempigia makofi kwa sababu hana siku ya kusimama.

Na kuna wafadhili wasiotoa hata shilingi. Fundi umeme anayekuja kabla hatujamwita. Mama anayetufungulia ua wake mvua ikijaza chumba chetu maji. Dereva wa bajaji anayesubiri mazoezi yaishe saa tatu usiku na kuwapeleka wadada nyumbani kwa nauli ya kawaida. Huyo wa bajaji akihama mtaa, nitapoteza nusu ya alto ndani ya mwezi mmoja. Hakuna semina ya uongozi wa kwaya niliyohudhuria ambapo bajaji ilitajwa.

Wanaoamini kwamba tamasha liliumbwa ili kwaya ijipatie hela niwakumbushe Haleluya ya mtunzi Handel, ile tunayoiimba Krismasi na Pasaka kwa Kiswahili, tukikimbia kana kwamba gari linatuacha. Imo ndani ya Messiah, kazi iliyoimbwa hadharani kwa mara ya kwanza mjini Dublin, Ireland, tarehe 13 Aprili 1742. Lilikuwa tamasha la hisani. Mapato yaligawiwa hospitali mbili za mji na mfuko wa kuwalipia wafungwa wa madeni, na wafungwa 142 wakatoka. Wanawake waliombwa wasivae zile pete za kupanulia magauni, na wanaume waache panga zao nyumbani, ili watu wengi zaidi waenee. Waimbaji walitoka katika makanisa makuu mawili, na kiongozi wa mojawapo, mwandishi Jonathan Swift, kwanza aliwakataza waimbaji wake kushiriki. Mwalimu yeyote wa kwaya aliyewahi kubisha hodi kwa mchungaji akiomba ruhusa ya kwenda kuimba "nje" anaijua sura ile. Ukumbi ulijaa, na waliopata nafuu ni wadaiwa na wagonjwa.

Lakini sisi tukienda kuimba bure hospitalini, magerezani na mashuleni, naambiwa tunapoteza mafuta ya gari. Wengi wanadhani huko ni kufanya tamasha lilelile bila tiketi. Sivyo kabisa. Wodini hatuendi arobaini. Arobaini wenye sare wodini ni uvamizi. Tunakwenda wanane, wawili kila sauti, bila ngoma wala spika, baada ya kuongea na sista wa zamu, si baada ya kuongea na ofisi tu. Tunaimba nyimbo ambazo mtu aliyelala anaweza kuziitikia bila kufungua macho. Tunaimba kwa sauti ndogo, tena ndogo zaidi ya unavyofikiri, na kuimba kwa sauti ndogo bila kushuka ufunguo ni kazi ngumu kuliko wimbo wowote wa tamasha. Nusu saa, tunaondoka. Hotuba hakuna. Picha za mtandaoni za mgonjwa kitandani, hapana, hata kama mwenyekiti anazitaka kwa ajili ya wafadhili.

Gerezani ni barua mapema, orodha ya majina, na simu zinaachwa getini. Siwezi kueleza ilivyo kusikia wanaume mia wakidaka kiitikio bila kufundishwa. Sauti ya tatu ninayoitafuta mtaani miaka yote hii imejaa humo ndani, na siwezi kuisajili.

Kama ziara hizo zinasaidia, sijui kwa kiasi gani. Kuna mgonjwa ambaye tukianza hugeukia ukutani. Mtu wa ukumbini akichoka anatoka nje kununua karanga. Huyu hana pa kwenda. Nimesoma miongozo inayosifu muziki hospitalini na haimtaji. Siku hizi tunatanguliza mtu mmoja apite kitanda hadi kitanda kuuliza, lakini nani atamkatalia mgeni aliyevaa vizuri? Kwa hiyo hata "ndiyo" zao sizichukui zote kuwa ndiyo.

Shuleni ndiko nina uhakika. Unahitaji chaki na ubao: d r m f s l t, basi. Na hapa naomba wale waliosoma nota za mistari mitano waache kukunja pua. Sol-fa, yaani kuandika muziki kwa hizo herufi za do-re-mi, si muziki wa wasiosoma. Aliianzisha Sarah Glover, mwalimu wa Norwich, Uingereza, na John Curwen akaiboresha na kuieneza, ikamwezesha hata mfanyakazi wa kiwandani kuimba sauti nne bila kinanda. Kwetu ilifika na wamisionari, na leo wimbo mzima wenye sauti zake zote unaweza kuandikwa kwa herufi za kawaida na kutumwa kwa simu ya batani. Enoch Sontonga, mwalimu wa kwaya katika shule ya misheni karibu na Johannesburg, alitunga mwaka 1897 wimbo ambao ndio uliozaa Mungu Ibariki Afrika, na alikuwa akiandika nyimbo zake kwa sol-fa. Kila unaposimama wima bendera ikipanda, unasimamia kazi ya mwalimu wa kwaya.

Mtoto wa darasa la tano akishajifunza kushika alto huku mwenzake anaimba soprano sikioni mwake, akifika nyumbani anamsumbua mama yake mpaka mama aje kusikiliza. Mama akija mara mbili anaingia kwenye orodha ya 5,000 kwa mwezi. Hivyo ndivyo orodha yetu ilivyokua, na mabango ya tamasha hayakuiongeza hata mtu mmoja. Kwa hiyo yale mafuta "tunayopoteza" ndiyo matumizi pekee kwenye daftari la mhazini ambayo hurudi.

Tamasha la mwaka huu bado lina mgogoro. Mwenyekiti alipendekeza kwaya waalikwa nazo zikate tiketi. Akaulizwa kama yuko tayari sisi tukate kwao mara nane, akabadilisha ajenda. Mimi nataka mlango uwe wazi na vikapu viwekwe mtu anapotoka, akishasikia. Mhazini anasema kitu cha bure watu hukijia kwa kuchelewa na kukiacha nusu, na ana ushahidi wa kutosha kunifanya nisibishe kwa sauti. Tutapiga kura baada ya mazoezi. Mpaka sasa soprano wote wako kwangu, besi wote wako kwa mhazini, na alto wanasema wataamua wakishaona chakula kitatoka mfuko gani.