Kabla ya kuchagua rangi, andika maswali ya wateja

Karibu kila anayenijia kutaka tovuti ya biashara yake huanza na rangi. Anataka bluu iliyokolea, nembo itokee ikizunguka, na kule juu picha tano zipishane zenyewe. Nami humsikiliza mpaka amalize, kisha namuuliza: watu wakikupigia simu, huwa wanataka kujua nini? Wengi hucheka, maana jibu lake wanalijua hata usingizini. Wanaulizwa bei. Wanaulizwa wako wapi na wanafunga saa ngapi. Wanaulizwa kama kazi fulani wanaifanya au hawaifanyi.

Maswali hayo wamechoka kuyajibu, na ndiyo ninayoanzia mimi.

Kwa hiyo kazi ya kwanza ninayompa mteja haihusu kompyuta. Nunua daftari, weka kando ya simu, na kwa wiki mbili andika kila swali linaloingia, iwe kwa simu, kwa ujumbe au kwa mtu aliyesimama mlangoni. Liandike kwa maneno yake yuleyule aliyeuliza, usilinyooshe. Hilo la maneno lina sababu. Niliwahi kufanya kazi na fundi wa mashine za kufulia ambaye tangazo lake lilisomeka "huduma za matengenezo ya vifaa vya umeme vya nyumbani". Daftari lake lilipojaa, hakukuwa na mtu hata mmoja aliyetamka maneno hayo. Walisema "mashine haimwagi maji", "inatetemeka kama inataka kukimbia", "mlango umegoma kufunguka na nguo ziko ndani". Sasa fikiria mtu huyo aliyefungiwa nguo zake, yuko na simu mkononi: ataandika nini kwenye injini ya utafutaji? Hawezi kuandika "vifaa vya umeme vya nyumbani". Ukurasa wenye kichwa kinachosema mlango wa mashine umegoma ndio utakaomfaa, na ndio wenye nafasi ya kumfikia.

Maswali ya fundi yule yalikuwa mengi, lakini tulipoyapanga kwa mafungu yakabaki sita au saba yanayojirudia kwa sura tofauti. Mafungu hayo ndiyo yakawa kurasa zake, na menyu ikawa imejipanga yenyewe. Biashara ndogo haihitaji kurasa ishirini. Ukurasa wa mwanzo, ukurasa mmoja kwa kila huduma kubwa, bei, mawasiliano, na mmoja wa kueleza ninyi ni akina nani, vinatosha kabisa kuanzia. Huo wa mwisho, tafadhali, usiujaze "dira" na "dhamira". Weka picha za kweli za watu wanaofanya kazi hiyo na useme wameifanya kwa miaka mingapi. Picha za kununua za watu wenye suti wanaopeana mikono hazimdanganyi mtu siku hizi.

Kila ukurasa nao uwe na jambo moja unalotaka msomaji alifanye akimaliza kusoma: apige simu, aweke miadi, au aagize. Ukimwekea vitufe vinne vinavyogombania macho yake, mara nyingi atavipita vyote. Na kama jambo lenyewe ni kupiga simu, namba iandikwe kama maandishi yanayobonyezeka. Nimeona mara nyingi sana namba iliyofichwa ndani ya picha ya bango: huwezi kuibonyeza, huwezi kuinakili, na asiyeona anayetumia programu ya kumsomea skrini hatajua kama ipo.

Kwenye bei ndipo tunapobishana. Wenye biashara wanaogopa kuiweka wazi eti washindani wataiona. Mshindani wako bei yako anaijua tangu zamani. Asiyeijua ni mteja. Kama kazi zenu hutofautiana, andika bei ya kuanzia, na ueleze ni mambo gani yanayoipandisha. Maelezo hayo peke yake humtuliza mtu kuliko "wasiliana nasi kwa bei nafuu", maneno ambayo mimi binafsi nikiyaona hufunga ukurasa.

Maneno yote hayo yaandikwe kabla mbunifu hajagusa chochote. Nimejifunza hili kwa shida. Zamani nilikuwa nachora kwanza, nikijazia nafasi kwa yale maandishi ya Kilatini yasiyo na maana yanayotumiwa na wabunifu, kila kisanduku kikiwa na mistari mitatu iliyolingana. Mteja akaleta maneno yake: huduma moja ina sentensi moja, nyingine ina aya nne na jedwali. Mchoro wote ukavunjika, tukalipana mara mbili kwa kazi moja.

Sasa nije kwenye jambo ambalo halina uzuri wowote lakini limewaliza watu: nani anamiliki jina la tovuti. Jina hilo, yaani kikoa, hulinunui moja kwa moja kama kiti. Unalisajili kwa muda, na majina kama ya .com husajiliwa kwa mwaka 1 hadi 10 kwa wakati mmoja, kisha unaongeza. Aliyeandikwa kwenye usajili ndiye mwenye jina. Mteja wangu mmoja alikuja akiwa ametengenezewa tovuti na kijana aliyelisajili jina kwa taarifa zake mwenyewe, bila nia mbaya, ili kurahisisha kazi. Kijana akabadilisha namba na anwani, muda wa usajili ukaisha, na mwenye biashara hakupata onyo hata moja kwa sababu maonyo hayakuwa yakija kwake. Jina lililokuwa kwenye gari lake na kwenye risiti zake likachukuliwa na mtu mwingine.

Basi lisajili mwenyewe, kwa jina lako au la kampuni, na uwashe malipo ya kujirudia. Barua pepe unayoitoa kwa msajili, yaani kampuni inayokusajilia jina, isiwe ile inayoishia na kikoa hichohicho: siku kikoa kikizimika, barua pepe yake nayo inazimika, na onyo linatumwa kwenye sanduku lisilofunguka. Tena, ukishasajili, angalia barua pepe ya kuthibitisha anwani yako. Kwa majina ya aina ya .com, usipoithibitisha ndani ya siku 15 msajili anaweza kulisimamisha jina, na tovuti ikatoweka ukabaki unamlaumu fundi wa tovuti. Nywila za kikoa, za seva (kompyuta inayohifadhi tovuti yako) na za mfumo wa kuhariri kurasa ziwe mikononi mwako. Fundi mpe akaunti yake mwenyewe, ambayo unaweza kuifunga mkiachana.

Wapo wanaoniuliza kama ukurasa wa mtandao wa kijamii hautoshi. Unasaidia sana, na kwa biashara nyingine wateja wote wanatokea huko. Ila pale wewe ni mpangaji. Yahoo iliifunga GeoCities, huduma ya watu kujitengenezea kurasa zao, mwaka 2009, na mwaka 2019 Google ikaufunga mtandao wake wa kijamii, Google+, kwa watumiaji wa kawaida. Waliokuwa wamejenga huko walilazimika kuhama. Kikoa chako ukikihuisha kwa wakati, unaweza kuhamisha seva, ukabadilisha fundi, na anwani ikabaki ileile.

Kuhusu muundo wenyewe nitakuwa mfupi, kwa kuwa mambo makubwa ni machache. Tengeneza kwa ajili ya simu kwanza, kisha ndiyo uangalie kwenye kompyuta. Google yenyewe hutumia toleo la simu la kurasa zako kuamua iziweke wapi, kwa hiyo kilichofichwa kwenye simu usitegemee kikuinue. Cheti cha usalama ni lazima: tangu Julai 2018 kivinjari cha Chrome huonya kwamba tovuti isiyo na HTTPS, yaani mawasiliano yaliyofichwa yasisomwe njiani, si salama, na cheti unaweza kukipata bure kwa shirika la Let's Encrypt. Maandishi ya kijivu hafifu juu ya nyeupe yaache. Viwango vya kimataifa vya ufikivu vinataka tofauti ya mwanga ya angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida, na mtu anayesoma juani atakushukuru.

Kasi ndiyo inayostahili jasho, na adui wake kwa kawaida ni picha. Simu nyingi hupiga picha yenye upana wa pikseli 4000 hivi. Mtu huipandisha kama ilivyo, kisha inaonyeshwa kwenye nafasi inayotosha pikseli 800. Mgeni anabebeshwa mzigo wote huo kwa vifurushi vyake ili aone kipande kidogo. Punguza upana kwanza, kisha ihifadhi kwa muundo wa WebP, na faili la megabaiti kadhaa hushuka mara nyingi hadi kilobaiti mia moja au mia mbili. Halafu pima kwa PageSpeed Insights, chombo cha Google cha kupima kasi, ambacho ni bure. Google inahesabu kuwa ni vizuri kama kitu kikubwa zaidi kwenye skrini kimeonekana ndani ya sekunde 2.5. Zile picha tano za kupishana, nilizoombwa mwanzoni, ndizo ninazozikata kwanza kabisa. Mara nyingi zinatumika kwa sababu mwenye biashara hakuamua lipi ni muhimu, akaweka yote.

Kabla ya kuifungua kwa watu, mpe simu mtu asiyeijua biashara yako. Mwambie: mashine yako haimwagi maji, tafuta itakugharimu kiasi gani. Kisha kaa kimya. Usimwelekeze kwa kidole, usijitetee. Jakob Nielsen, mtaalamu wa namna watu wanavyotumia tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba watu watano tu wanatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo, na mimi nikishafika wa tatu huwa tayari nina kazi ya wiki nzima.

Daftari lile usilitupe. Tovuti ikishafunguliwa, endelea kuandika, ila sasa unatafuta swali ambalo limejibiwa kwenye tovuti na bado linaulizwa. Hilo jibu lipo mahali pasipoonekana, au limeandikwa kwa lugha isiyoeleweka. Kwa fundi wa mashine swali lililogoma lilikuwa "Jumapili mpo?" Hayupo Jumapili, na tulikuwa tumeliandika hilo chini kabisa ya ukurasa, kwa herufi ndogo. Tukalipandisha likakaa sentimita moja chini ya namba ya simu. Simu za Jumapili zikapungua. Akaniambia sasa zote zinamsubiri Jumatatu asubuhi, kabla hajanywa chai.