Molekuli ishikwe ndipo ieleweke

Tukichora methani ubaoni, tunachora msalaba: kaboni katikati, hidrojeni nne juu, chini, kulia na kushoto. Mchoro huo unaonyesha vizuri nani kaungana na nani. Tatizo ni kwamba mwanafunzi hutoka darasani akiamini kuwa molekuli yenyewe ni bapa na ina pembe za nyuzi 90. Nafundisha kemia sekondari, na nimeona kuwa imani hiyo haitoki kwa maelezo ya mdomo hata uyarudie mara ngapi. Mwanafunzi akijenga mwenyewe modeli ya molekuli, kwa mipira na vijiti, imani hiyo inatoka.

Zoezi ninalolitegemea zaidi ni la dikloromethani, CH₂Cl₂. Kila wanafunzi wawili wanapata mpira mmoja mweusi wa kaboni, miwili myeupe ya hidrojeni, miwili ya kijani ya klorini, na vijiti vinne. Kabla hawajagusa chochote nawauliza: dikloromethani ziko za aina ngapi? Wanachora kwenye madaftari na wengi wanajibu mbili: moja yenye klorini zilizo jirani, nyingine yenye klorini zinazotazamana. Jibu lazima liandikwe, maana asiyejifunga kwa jibu hana cha kushangazwa nacho baadaye. Kisha majirani wanakubaliana, hawa wajenge ya kwanza na wale ya pili, halafu wazilinganishe. Wanazigeuza, wanazipindua, wanazisimamisha kwa miguu mitatu, mpaka mmoja anasema, “Mbona ni ile ile?” Matundu ya mpira wa kaboni yametobolewa kwa pembe ya nyuzi 109.5, hivyo kila klorini ni jirani ya mwenzake, na kutazamana hakupo. Hapo ndipo swali la kwa nini pembe iwe hiyo linapata wasikilizaji, na habari ya jozi za elektroni kufukuzana hadi zifike mbali iwezekanavyo inaingia bila kulazimishwa.

Historia ya jambo hili inafaa kusimuliwa darasani. Mwaka 1865, huko London, mwanakemia August Wilhelm Hofmann alionyesha molekuli kwa kutumia mipira ya mchezo wa kroketi. Rangi tunazotumia leo, nyeusi kwa kaboni, nyeupe kwa hidrojeni, nyekundu kwa oksijeni, zina asili yake hapo. Ila modeli zake zilikuwa bapa, na modeli bapa inatabiri dikloromethani mbili. Wanakemia walikuwa wakipata moja tu. Mwaka 1874 Jacobus van 't Hoff, akiwa kijana wa miaka 22, alipendekeza kuwa vifungo vinne vya kaboni vinaelekea kwenye ncha nne za tetrahedroni, yaani umbo lenye nyuso nne za pembetatu. Joseph Achille Le Bel alifikia wazo hilo mwaka huohuo kwa njia yake. Nawaambia wanafunzi: modeli ni dai, na dai hupimwa kwa ushahidi.

Modeli zinasaidia pia kwenye kusawazisha milinganyo ya kemikali, ambako wengi huhangaika. Ukimwambia mwanafunzi asibadilishe namba ndogo ya chini, kama ile 2 ya H₂O, anaiona kama sheria ya mwalimu tu. Mpe hidrojeni na oksijeni atengeneze maji. Molekuli ya oksijeni ina atomu mbili, akitumia moja, nyingine inabaki mezani. Akiibandika kwenye maji yake ili isibaki, ameunda H₂O₂, yaani hidrojeni peroksaidi, ambayo si maji hata kidogo. Njia pekee ni kuleta hidrojeni nyingine na kuunda molekuli ya pili ya maji. Namba 2 ya mbele, katika 2H₂O, sasa ina maana anayoiona.

Usisubiri seti ya kununua. Plastisini na vijiti vya meno vinatosha kwa sehemu kubwa ya kazi hii, mradi usimamie pembe, kwa sababu plastisini inakubali pembe yoyote na mwanafunzi atarudia msalaba uleule.

Lipo jambo moja la kulichunga kila mara. Vijiti humfanya mwanafunzi adhani kifungo ni kitu kigumu chenye nishati ndani yake, inayotoka kikivunjwa. Mwambie achomoe kijiti, na aone kuwa inabidi avute. Kuvunja kifungo kunahitaji nishati, na kuunda kifungo ndiko kunakoitoa. Methani inapoungua, joto linatokana na kwamba vifungo vipya vya kaboni dayoksaidi na maji vinatoa nishati nyingi kuliko iliyotumika kuvunja vile vya awali. Hata hivyo modeli haiwezi kuonyesha kiasi: kijiti cha C–H na cha O–H huchomoka kwa nguvu ileile. Kwa hiyo nikifika kwenye hesabu za nishati naikusanya mipira yote, na tunafanya kazi na majedwali.

Mwisho wa kipindi kila mmoja huchora alichojenga, kabari nzito ikionyesha kifungo kinachomjia na mistari ya vipandevipande ikionyesha kinachoelekea nyuma. Kwenye mtihani hatakuwa na mipira, atakuwa na kalamu.