Kompyuta ya Mbali na Mfanyakazi Asiyeona: Kisoma Skrini Kiwekwe Wapi?

Malalamiko tunayoletewa na wafanyakazi wasioona kuhusu kompyuta za kazini yamekuwa yakiongezeka hapa Tanga kadiri ofisi zinavyohamishia mifumo yao kwenye seva. Mawakala wa forodha, wahasibu, wakandarasi waliokuja na kazi za bomba la mafuta huko Chongoleani, wengi wao hawaweki tena programu kwenye mashine ya mtu. Mfanyakazi anapewa laptop, anaunganishwa kwa intaneti akiwa nyumbani Ngamiani au Chumbageni, na kompyuta anayoifanyia kazi hasa iko Dar es Salaam au nje ya nchi. Kwa mwenye kuona, hakuna kilichoharibika. Kwa anayetegemea kisoma skrini kama NVDA au JAWS, yaani programu inayomtamkia yaliyo kwenye kompyuta, kazi husimama siku hiyo hiyo.

Kisoma skrini hakiangalii skrini. Kinaiuliza Windows na programu iliyofunguliwa: hiki ni kitufe gani, kimeandikwa nini, tuko mstari upi, ndipo kinatamka. Lakini kinachomfikia mtu aliyeunganishwa na kompyuta ya mbali kwa kawaida ni picha ya skrini ya huko, na ndani ya picha hakuna kitufe wala neno la kusomwa. NVDA iliyo kwenye laptop itataja jina la dirisha, halafu kimya, hata mtu abonyeze Tab mpaka alfajiri. Kwa hiyo mwajiri anapotuandikia kwamba "mhusika alishanunuliwa kompyuta mpya yenye programu ya sauti", hajajibu lalamiko. Barua za namna hiyo tunazo za kutosha.

Kisoma skrini kinatakiwa kiwepo kule kazi iliko. Njia ya kwanza ni kuweka NVDA kwenye kompyuta ya mbali na kuirudisha sauti yake kwa mfanyakazi. Kwenye mipangilio ya Remote Desktop, programu ya Windows ya kuunganishwa na kompyuta ya mbali, sauti iwekwe ichezwe kwenye kompyuta ya mtumiaji, na michanganyiko ya vitufe ipelekwe kwenye kompyuta ya mbali, la sivyo Alt+Tab itabadilisha madirisha ya laptop. NVDA ya huko iwekwe ijiwashe yenyewe mtu anapoingia. Umeme ukikatika na kurudi, asiyeona hawezi kuitafuta kwa kupapasa. Udhaifu wa njia hii ni mtandao. Sauti huchelewa, na anayesikiliza kila herufi anayoandika huwa kama anayezungumza na mtu aliye ng'ambo ya mto.

Njia ya pili ndiyo ninayoipendelea. NVDA inakuwa pande zote mbili, ya mbali inatuma maneno badala ya sauti, na laptop inayatamka yenyewe. Maneno ni mepesi, hata bando dogo linayabeba. Tangu toleo la 2025.1 uwezo huo umo ndani ya NVDA, hakuna haja ya kuongeza kitu. Tahadhari moja: anayeupata ufunguo wa kuunganisha, yaani neno la siri la pande hizo mbili, anaweza kuiendesha kompyuta hiyo, kwa hiyo usibandikwe kwenye kundi la WhatsApp la ofisi. Hili lingepaswa kuwa wazi bila kusemwa. Kwa JAWS, muulizeni muuzaji kabla ya kulipa kama leseni inaruhusu matumizi ya mbali.

Habari ya bajeti tusiambiane. NVDA ni ya bure, ilianzishwa Australia mwaka 2006 na Michael Curran, ambaye mwenyewe haoni, na inakuja na sauti inayotamka Kiswahili. Ni sauti kavu, ndiyo, lakini wanaoitumia kila siku hawalalamikii ukavu wake. Mtu wa TEHAMA akisema ni programu ngeni kwenye seva, ana haki ya kuikagua kwanza. Ukaguzi hauwi sababu ya kumwacha mtu miezi mitatu bila kazi, kisha mkataba wake usihuishwe "kwa kutofikia malengo".

Kwenye mikutano ya Zoom pia, skrini inayoshirikiwa huwafikia wengine kama picha. Tumeni faili kabla ya kikao, na lisiwe karatasi iliyoskaniwa.

Upande wa sheria, Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010 inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi ahakikishe kuwa si chini ya asilimia 3 ni watu wenye ulemavu. Kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinakataza ubaguzi wa moja kwa moja na usio wa moja kwa moja, kinamlinda hata mwombaji wa kazi, na kuuvunja ni kosa. Mwajiri pia anatakiwa kusajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuleta fursa sawa na kuondoa ubaguzi. Tena, mlalamikaji akishaonyesha dalili za awali za ubaguzi, ni jukumu la mwajiri kuthibitisha kwamba haukuwepo. Kila shauri huamuliwa kwa mazingira yake, na makala haya hayachukui nafasi ya ushauri wa wakili.

Wafanyakazi nao wanatuchosha kwenye muda. Mgogoro wa kuachishwa kazi hupelekwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 30, migogoro mingine ndani ya siku 60. Hujazwa Fomu Na. 1, nakala anapewa mwajiri, na uthibitisho kwamba ameipokea unaambatishwa. Ahadi ya meneja kwamba "tunalishughulikia" haisimamishi siku. Aliyechelewa huomba kuongezewa muda na lazima aeleze sababu. "Nilikuwa nawasubiri" mara nyingi haitoshi.

Ombi la kuwekewa kisoma skrini litumeni kwa barua pepe mkitaja mfumo unaohusika, na nakala ihifadhiwe nje ya akaunti ya kazini. Akaunti hiyo hufungwa siku mtu anapoachishwa.