Mama wa Penta 3 si mjinga

Wiki hii tena, kikaoni, ofisa mmoja kaurudia wimbo uleule: Watanzania walikataa chanjo ya UVIKO-19 kwa sababu hawana elimu. Nimechoka. Mimi ni mchanjaji. Mama anayesemwa hapo ndiye anayefika kliniki saa moja asubuhi, mtoto mgongoni, kadi mkononi, kafuata Penta 3, yaani dozi ya tatu ya chanjo ya Penta, ile inayomkinga mtoto na magonjwa matano. Akikuta imeisha, maneno yake siwezi kuyaandika hapa. Huyo ndiye haelewi chanjo?

Tukumbushane. Takwimu za taifa ziliganda mwanzoni mwa Mei 2020: wagonjwa 509, vifo 21. Juni tukatangaziwa korona imekwisha kwa maombi. Januari 2021 Rais Magufuli, akiwa Chato, akazitilia shaka chanjo hadharani, na siku chache baadaye wizara ikasema haina mpango wa kuzileta. Julai 28 mwaka huohuo Rais Samia akachanjwa mbele ya kamera. Miezi sita! Aliyekuwa anasikiliza taarifa ya habari kwa makini ndiye aliyechanganyikiwa zaidi. Ukimwita mjinga kwa kuwa na kumbukumbu, mimi na wewe hatutaelewana.

Halafu ikaja fomu. Penta haina fomu, surua-rubela haina fomu, ila Janssen, chanjo ya UVIKO-19, ukasaini ridhaa kwanza. Kitaaluma naielewa: chanjo mpya, tena ya hiari. Lakini mkulima aliyewahi kusaini mkopo wa pembejeo anajua kalamu huwa inatoka lini. Hutoka pale ambapo, mambo yakiharibika, ataambiwa ni juu yake. Nimeona watu wakiisoma fomu ile mstari kwa mstari, wakairudisha kwa adabu, wakaenda zao. Wasiosoma walisaini.

Na kichupa je? Kichupa cha Janssen kina dozi tano, na kikishafunguliwa hudumu saa sita tu. Kwenye zahanati yenye watu wachache muuguzi anapiga hesabu: nifungue kwa mzee mmoja, nne nimwage, kesho niulizwe? Anamwambia asubiri wenzake wanne, au arudi siku ya mnada. Mzee harudi. Hakukataa chochote, lakini kikaoni anageuka kuwa "mwitikio mdogo". Kusita, kusubiri, kukosa na kukataa ni mambo manne, na sisi tunayaandika kwenye safu moja.

Waliokataa kabisa wapo. Kati yao wamo walimu, wachungaji, na (tusemezane kwa sauti ya chini) wauguzi. Elimu wanayo.

Na yale yanayosemwa kuhusu chanjo? Kwamba inaleta ugumba: hapana. Kwamba bega linanasa kama sumaku: chukua sarafu ujaribu mwenyewe. Maudhi ya homa na mkono kuuma: kawaida, siku mbili tatu. Damu kuganda kwa Janssen: kweli, ila nadra sana, Marekani waliisitisha Aprili 2021, wakairudisha baada ya siku kumi. Hili la damu nilikuwa nalisema kabla ya sindano, kama tulivyofundishwa kwamba ukweli hujenga imani. Wengine walishukuru wakakaa vizuri kitini. Wengine walishusha mkono wa shati wakaondoka. Kitabu cha mafunzo kinamtaja yule aliyeshukuru tu. Bado naamini nilipaswa kusema, ila asiniambie mtu kwamba haina gharama. Na tulipowaambia "moja inatosha" kisha tukarudi na ya nyongeza, sikuwa na uso wa kulaumu yeyote.

Mwaka 2022 tulipopita nyumba kwa nyumba, idadi ikapanda sana, na wenzangu wakasema elimu imefanya kazi. Elimu ipi? Mlangoni tulikuwa na kibebeo cha chanjo, kalamu na jua kali. Mahubiri hayakuwa na nafasi. Wengi, nadhani, walikuwa wakisubiri kufuatwa. Wengine walitoa mkono ili tuondoke wakaendelee na ugali wao. Kuwatofautisha siwezi, maana kwenye rejesta wote wameandikwa vilevile: amechanjwa.